Kipimo cha Tairi kwa Lori Linalokokota Tela

(Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi)



Mavuno yakiisha kupurwa na magunia kushonwa, chama cha msingi hubakiwa na kazi ya kuyafikisha sokoni. Alizeti ya Kondoa na Chemba, mahindi yatokayo Kiteto kwenda soko la nafaka la Kibaigwa, mtama wa Mpwapwa na mpunga wa Bahi hupita kwanza katika njia za vumbi, mchanga na makorongo kabla ya kuiona lami. Chama chenye lori moja kikitaka kupunguza idadi ya safari hufunga tela nyuma yake. Tangu siku hiyo swali la tairi, ambalo hapo awali liliachiwa dereva na utingo wake, huwa ni swali la bodi nzima. Tairi lisilofaa hupasuka likiwa limebeba mali ya wanachama, na mara nyingine wanachama wenyewe.

Mazoea yaliyoenea ni kununua tairi kubwa kuliko lililotoka, kwa imani kwamba lililo kubwa ndilo lenye nguvu. Imani hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayopoteza watu. Ukubwa wa tairi ni jambo moja, na uzito ambao tairi hilo laweza kuubeba ni jambo la pili. Yote mawili yameandikwa ubavuni mwa tairi kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

Tairi lililoandikwa 7.50-16 lina upana wa inchi saba na nusu, na hukaa katika rimu ya inchi 16. Lililoandikwa 11R22.5 lina upana wa inchi 11 na rimu ya inchi 22 na nusu, na herufi R yaonyesha kwamba nyuzi zake zimepangwa kutoka ubavu mmoja moja kwa moja hadi wa pili. Kwa tairi la 315/80R22.5 upana umetolewa kwa milimita, nayo 80 yaeleza kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo. Baada ya maandishi hayo hufuata tarakimu ndogo ambazo wanunuzi wengi huziruka, kwa mfano 148/145, au 152/148, au 156/150. Hizo ndizo hasa ambazo chama chenye tela hakina ruhusa ya kuziruka. Kila tarakimu ni alama ya uzito katika jedwali linalotumiwa na watengenezaji wa nchi nyingi: 145 ni kilogramu 2,900, 148 ni kilogramu 3,150, 150 ni 3,350, 152 ni 3,550, na 156 ni kilogramu 4,000. Tarakimu ya kwanza ni ya tairi lililo peke yake, kama la mbele. Ya pili ni ya tairi lililofungwa pacha na mwenzake, kama yalivyo ya nyuma.

Na ichukuliwe hesabu ya lori la ekseli mbili. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania Bara ilianza kuitekeleza Machi 2019, huruhusu tani 8 juu ya ekseli ya mbele ya usukani, na tani 10 juu ya ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Chama kikifunga matairi ya 11R22.5 yenye alama 148/145 pande zote, manne ya nyuma yana uwezo wa kilogramu 11,600, nayo yatabeba tani 10 bila taabu. Lakini mawili ya mbele yana uwezo wa kilogramu 6,300 tu. Lori hilo laweza kupita katika mizani ya Nala bila kutozwa faini hata senti moja, huku matairi yake ya mbele yamezidiwa kwa zaidi ya tani moja na nusu. Kazi ya mizani ni kulinda barabara, na kibali chake hakimwambii dereva kwamba tairi lake ni salama. Kwa hiyo wajumbe wanaopeleka lori kupimwa waombe kuandikiwa uzito wa kila ekseli, kisha waugawe kwa idadi ya matairi ya ekseli hiyo na kuulinganisha na alama iliyo ubavuni. Hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa darasa la tano.

Sasa lije tela lenyewe. Tela kubwa lenye ekseli mbele na nyuma hujibebea uzito wake, na lori hulivuta tu. Matairi ya tela la namna hiyo huchaguliwa kwa mzigo wa tela, nayo ya lori kwa mzigo wa lori. Tela dogo la ekseli moja, kama yale yanayofungwa nyuma ya pikapu na malori madogo, lina tabia nyingine. Ili litulie njiani, sehemu ya uzito wake, yapata moja ya kumi, hulazimika kuegemea ndoano ya gari linalolivuta. Kwa tela la kilogramu 2,000 ni kilogramu 200. Na kwa kuwa ndoano iko nyuma ya ekseli, uzito huo hufanya kazi kama mtu anayekalia ncha ya ubao: ikiwa ekseli za gari zimeachana mita 3, na ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya pili, matairi ya nyuma huongezewa kilogramu 280, na ya mbele hupunguziwa 80. Usukani huwa mwepesi, na dereva asiyejua sababu hufurahi. Pikapu iliyofungwa matairi ya gari la abiria, yenye ubavu laini, haifai kabisa kwa kazi hiyo hata kama kipimo cha rimu kinalingana.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni kimo cha tairi. Tairi la 7.50-16 lina kipenyo cha milimita 805 hivi, na la 8.25-16 lina kama 855. Tofauti yao ni asilimia 6. Gurudumu kubwa husogea mbele zaidi kwa kila mzunguko, na kwa sababu hiyo injini ileile, katika gia ileile, huvuta kwa nguvu pungufu kwa asilimia hizo 6. Breki nazo hupungukiwa kwa kadiri hiyohiyo, maana gurudumu lenye kimo kikubwa ni gumu zaidi kulizuia. Kipima mwendo kikionyesha kilometa 50, lori liko katika 53. Kwenye uwanda mtupu kati ya Manyoni na Singida mtu hawezi kuyatambua hayo. Lakini lori lilelile lifikishwe katika mteremko wa Sekenke, upande wa Iramba, likiwa na mzigo na tela lisilo na breki zake lenyewe! Kupanda, dereva atateremka gia moja zaidi na kula mafuta. Kushuka, kila kilicho pungufu katika breki kitajulikana mahali ambapo hakuna nafasi ya kukirekebisha.

Kwa hiyo chama kisitafute kimo cha lori kupitia tairi. Karibu kila lori lina kibati cha mtengenezaji, aghalabu mlangoni au ndani ya kabati la dereva, chenye vipimo vya matairi vinavyoruhusiwa, na mara nyingi ni viwili au vitatu. Chaguo lifanywe ndani ya hivyo. Lori linalokokota tela zito katika vilima vya Kondoa au Mpwapwa lapasa kupewa kile chenye kipenyo kidogo, mradi uwezo wake wa kubeba unatosha. Kile kikubwa kiachiwe lori la safari ndefu katika lami tambarare. Tairi pana kuliko inavyotakiwa huleta balaa jingine nyuma: yale pacha yakilemewa hutanuka matumbo na kugusana, na mpira unaosuguana na mpira hupata moto upesi.

Wapo watakaosema kwamba njia za Uwanda wa Kati zinalazimisha tairi kubwa. Ni kweli kwamba ardhi ya huku ina namna yake. Mpango wa Karanga wa serikali ya Kiingereza, ulioanzishwa Kongwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta mitambo mingi ambayo haikuchaguliwa kwa udongo ule, ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu kupita kiasi, na fedha zilizoteketea zilihesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya pauni. Lakini katika mchanga wa korongo, kinachosaidia ni kupunguza upepo kidogo, kwenda polepole, na kuurudisha upepo wote kabla ya kuingia barabara kuu. Katika udongo mweusi wa mbuga ya Bahi mvua ikiwa imenyesha, hakuna tairi litakalomfaa dereva kuliko kungoja jua la siku moja. Bodi inayomhimiza aondoke usiku huohuo hujinunulia springi mpya.

Kurudisha upepo si jambo la kupuuzwa. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hubonyea kwa kila mzunguko, na kubonyea huko huzaa joto ndani ya nyuzi zake. Mchana wa Oktoba lami yenyewe inaunguza, tairi halina pa kupoa, na ngozi yake huachana na nyuzi. Madereva wengi hupima kwa kugonga tairi kwa chuma na kusikiliza mlio. Njia hiyo hutambua tairi lililokwisha upepo, lakini haiwezi kutambua lililopungua kwa robo. Kipimo cha upepo kitumiwe alfajiri, kabla ya lori kutembea. Yale pacha yachunguzwe kwa uangalifu zaidi kuliko mengine: kila tairi likibeba kilogramu 2,500 na mwenzake akaishiwa upepo, lililobaki hupokea 5,000, ilhali uwezo wake peke yake ni 3,150. Halitafika mbali. Vilevile pacha ziwe za kipimo kimoja, na kimo chake kisitofautiane kwa zaidi ya milimita 6 hivi, kwa kuwa lililo refu hubeba mzigo na lililo fupi huburuzwa. Kufunga jipya kando ya kipara ni kuliharibu jipya.

Katika kununua, hali imebadilika. Zamani vyama viliagiza matairi kutoka kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini uzalishaji wake ulikoma kabla ya mwaka 2010. Siku hizi madukani kuna matairi ya nchi nyingi na majina mengi, na mengine yamekaa stoo muda mrefu. Tarehe ya kutengenezwa imo ubavuni, katika tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lililo na meno yote bado ni la zamani, na bei nafuu haiufanyi mpira wake kuwa laini tena. Yaliyotiwa ngozi mpya hufaa kwa tela na kwa nyuma ya lori. Mbele yasifungwe.

Vyama visivyo na lori, navyo si vichache, havikuondolewa katika habari hii. Anayekodi lori na tela hukabidhi mavuno ya msimu mzima kwa matairi ya mtu mwingine. Kabla ya kutia sahihi mkataba, mjumbe mmoja aliyeteuliwa na bodi azunguke lori na tela, aandike vipimo, alama za uzito na tarehe za kila tairi, na orodha hiyo iambatishwe kwenye mkataba. Mwenye lori asiyekubali kusomwa matairi yake amekwisha kujibu.

Limebaki la tairi la akiba. Matela mengi huuzwa yakiwa na magurudumu tofauti na ya lori, ya kipimo kingine au yenye idadi nyingine ya matundu ya nati, na chama hulazimika kubeba akiba mbili, au, kama ilivyo desturi, moja isiyofaa upande mmoja. Wakati wa kununua tela, iulizwe mapema kama laweza kuletwa na magurudumu ya kipimo kilekile cha nyuma ya lori. Likiletwa hivyo, tairi moja la akiba huhudumia magurudumu hayo yote. Na likipasuka la tela kati ya Mtera na Dodoma saa nane ya usiku, utingo atakuwa na kitu cha kufunga.