Jina la Livingstone Hapa Buguruni
(Mazungumzo kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya majina. Nitaanza na langu la tatu, Livingstone, maana hapa Buguruni nimeulizwa mara nyingi kama babu yangu alikuwa Mzungu. Hakuwa. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, akabatizwa kwa jina la mmisionari aliyesifika siku zile.

Wengi hudhani maana yake ni jiwe lililo hai. Sivyo. Katika karne ya 12, si mbali na Edinburgh, palikuwa na bwana mmoja aitwaye Leving. Mahali pake pakaitwa Livingston, yaani mji wa Leving, kama sisi tusemavyo "kwa fulani".

Lakini wazee wa David Livingstone hawakutoka huko. Babu yake alitoka kisiwa cha Ulva, magharibi ya Uskoti, ambako watu walisema Kigaeli. Katika sehemu zile ukoo huo uliitwa MacLea, jina ambalo hufasiriwa kuwa mwana wa tabibu. Kiingereza kiliposhika nguvu, wengi wao wakaandikwa Livingstone. David, aliyezaliwa Blantyre mwaka 1813, akaja kuwa tabibu kweli, hali jina lenye maana hiyo limekwisha wekwa kando.

Hiyo "Mac" ni "mwana wa". Watu wa Pwani husema "bin"; Wanyakyusa huanza na "Mwa". Babu yangu naye alikuwa na jina lake la ukoo la Mwa. Lakini mimi nilipoandikishwa shule, fomu ilikuwa na nafasi tatu: langu, la baba, la babu. Karani akaishia hapo. Yaliyowapata watu wa Ulva yakatupata na sisi.

Silidharau jina hili. Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili wa mwenye jina tangu kwa Chitambo hadi Bagamoyo, 1873 hadi 1874. Kariakoo kuna mtaa wake, na Ziwa Nyasa lina milima yake. Ila baba alipofariki, ilitupasa kuthibitisha kwenye mirathi kwamba sisi na ndugu wa Tukuyu ni ukoo mmoja, wao wakiwa wameandikwa Mwa na sisi Livingstone. Mzee mmoja tu ndiye aliyebaki wa kushuhudia. Naye sasa hayupo.

Vijana wa kidato cha nne, jina mtakalojaza kwenye fomu ya mtihani ndilo litakalotoka kwenye cheti. Kulibadili baadaye ni viapo na gharama. Kwa hiyo likizo hii kaeni na babu na bibi, mchukue daftari, muandike: jina la ukoo, maana yake, na nani alilitoa. Msingoje msiba ndipo muulize.