TANGAZO AMBALO MWENZETU HAKUWEZA KULISOMA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Neno tulilotumwa kuwaambia ni hili. Siku hizi tangazo la zamu halibandikwi ukutani tu. Mtu wa ofisi hulipiga picha kwa simu, akaitupa picha ile katika kundi la WhatsApp, basi kazi yake imekwisha. Sisi wenye macho twasoma. Lakini yuko mwenzetu asiyeona, mpokeaji simu katika ofisi moja tusiyoitaja, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Ikifika kwenye picha ile husema "picha", ikanyamaza. Mwezi uliopita zamu yake iligeuzwa kwa njia hiyo. Akafika kazini saa nne baada ya zamu kuanza, akaandikiwa barua ya onyo. Na barua yenyewe, ajabu, akapelekewa kwa picha vilevile!

Wengine hudhani asiyeona hana haja na mitandao hii. Sivyo. Programu ya kusoma skrini imo katika iPhone tangu mwaka 2009, na simu za Android zina yao iitwayo TalkBack. Neno lililoandikwa kwa herufi husomwa lote. Picha ya maneno ni jambo jingine. Mwaka 2016 Facebook walianza kutumia mashine inayokisia kilichomo katika picha, ikasema labda kuna watu wawili na miti. Hiyo yafaa kwa picha za harusi. Simu nyingine za siku hizi hujaribu kusoma hata herufi zilizo ndani ya picha, lakini karatasi ikiwa imekunjwa au kivuli kimeingia, 3 huweza kusomwa 8, na zamu ya saa tatu si ya saa nane.

Kwa kiziwi taabu hugeuka. Msimamizi akituma maagizo ya dakika tatu kwa sauti, yeye huona mstari na kitufe tu.

Sasa sikilizeni habari ya Marekani, maana ni habari ya wafanyakazi. Mwezi Juni 2020 Twitter walileta ujumbe wa sauti wa sekunde 140 bila maandishi yake. Viziwi wakalalamika. Hapo ikajulikana kwamba kampuni kubwa namna ile haikuwa na kikosi chenye kazi hiyo: wafanyakazi wachache walikuwa wakiifanya kwa kujitolea, juu ya kazi zao nyingine. Septemba vikosi vikaundwa, na mwaka 2021 maandishi yakatiwa. Kisha Oktoba 2022 kampuni ikanunuliwa na Elon Musk, na mwezi uliofuata karibu nusu ya wafanyakazi walifukuzwa, na kikosi kile kikaondolewa pamoja nao. Basi haki ya asiyeona na ya kiziwi ilikuwa imetundikwa juu ya hisani ya tajiri, wala haikuandikwa katika mapatano yoyote yenye sahihi za pande mbili.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari na kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Lakini Katiba haiji kazini saa kumi na moja alfajiri kusoma orodha ya zamu. Kifungu katika mapatano yetu na mwajiri ndicho kitakachofika pale.

Watasema kazi itaongezeka. Kazi gani? Tangazo lile karani alikwisha kulipiga chapa katika kompyuta kabla ya kulipiga picha. Maneno yapo, ayanakili na kuyatuma. Ni nusu dakika. Picha yenye muhuri na iandamane nayo, hatuikatai.

Kwa hiyo twaomba tawi likubali kwamba kila tangazo la kazi litakalopelekwa kwa simu liandikwe kwa herufi. Kwamba maagizo ya sauti yaandikwe chini yake. Na kwamba mtu asiadhibiwe kwa tangazo alilopelekewa kwa namna asiyoweza kulisoma au kulisikia. Katibu ayapeleke katika majadiliano yajayo. Ile barua ya onyo isingoje majadiliano, kwani imekwisha kuingia katika faili la mwenzetu. Twaomba mnyoshe mikono juu ya hiyo kwanza.