Msamaria na deni la hospitali

Andiko: Luka 10:25-37



Habari ya Msamaria tunaijua sote. Lakini mara nyingi tunaihubiri mpaka kwenye mafuta na divai, kisha tunafunga Biblia. Tuendelee kidogo. Kwenye nyumba ya wageni kulikuwa malipo. Msamaria alitoa dinari mbili, tena akaahidi kulipa kitakachozidi. Upendo wake ulifika mpaka kwenye deni.

Deni hilo tunalijua. Katika inchi yetu, mama wengi waliozaa na kukosa makuta walibakizwa hospitali na watoto wao mpaka jamaa walipe. Kwa kuogopa hivyo, wengine wanazalia nyumbani. Septemba 2023 serikali ilianza, Kinshasa kwanza, mpango wa kuzaa bure: kupimwa mimba, kuzaa, hata kwa kupasuliwa, na matunzo ya mtoto mchanga. Kisha ikaendelea kuupeleka majimboni hatua kwa hatua. Tumshukuru Mungu.

Lakini bure haimalizi yote. Pikipiki ya usiku inalipwa. Chakula cha mgonjwa kinalipwa. Pesa za serikali zikichelewa, dawa zinakwisha, na jamaa anatumwa kununua inje. Na mguu wa kijana uliovunjika haumo katika mpango huo.

Tuungame pia. Mama mmoja wa kanisa letu alishikwa na uchungu, sisi tukakesha tukiomba naye nyumbani. Tulikuwa na imani, kweli; lakini tuliogopa deni pia, wala hakuna aliyesema. Tulipomfikisha hospitali, mtoto alikuwa amekwisha kufa. Kuomba hakukuwa kosa. Kosa letu ni kuficha woga wa makuta ndani ya maombi.

Basi tufanye hivi. Mama mwenye mimba aulize mapema kwenye kituo cha afya: nini ni bure, nini kinalipwa? Mashemasi watenge sehemu ya sadaka kwa ajili ya kitakachozidi, kabla uchungu haujaanza. Na ninyi wauguzi mulio wana wa Mungu, musidai kwa siri kitu kilichowekwa kuwa bure.

Uchungu ukianza usiku, mutugongee mlango. Tutaomba njiani.

Mungu awabariki. Amina.