Nyumba Ndogo Si Lazima Iwe na Giza

Msikilizaji, mwulize mwenye ploti wa Kiuu, pale Githurai 45, kwa nini vyumba vyake vina giza. Atakujibu kwamba ardhi ni ghali, lazima ajibane.

Kujibana si jambo geni. Mwaka 1925 mji wa Frankfurt, Ujerumani, ulikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba, ukamkabidhi kazi msanifu majengo Ernst May. Katika miaka mitano zilisimama nyumba zaidi ya 10,000, za paa bapa na kuta zisizo na nakshi. Vyumba vilikuwa vidogo. Jiko alilobuni Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926 halikufika mita 2 kwa upana. Alipima hata hatua za mpishi. Lakini lilikuwa na dirisha, na safu za nyumba ziliachiana nafasi ili jua liingie.

May huyo huyo alikuja kwetu. Mwaka 1934 alianza kulima karibu na Arusha, kisha akahamia Nairobi na kujijengea nyumba Karen. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walimtia kizuizini kwa kuwa Mjerumani. Mwaka 1945 alibuni nyumba ya bei nafuu kwa familia za Waafrika: mbavu za zege zilizopinda hadi kileleni, na mabamba yaliyotengenezwa mapema yakitundikwa juu yake. Haikuenea. Tena tusimtukuze kupita kiasi: alifanya kazi chini ya ukoloni uliompangia mtu mtaa kwa rangi yake.

Kutoka usanifu ule wa Frankfurt sisi tumechukua zege, paa bapa na vyumba vidogo. Nafasi kati ya jengo na jengo hatukuichukua. Mawe ya Ndarugu, yanayochimbwa hapa jirani, yakifika Kiuu hupangwa mpaka mwisho wa kiwanja, na dirisha likatazama ukuta wa jirani. Mwenye ploti anapata chumba kimoja zaidi kila ghorofa. Mpangaji analipa kwa stima ya mchana na kikohozi cha watoto.

Mpangaji hawezi kuidai nafasi hiyo peke yake, maana kodi ndiyo inayomchagulia chumba. Ndiyo sababu ramani hupelekwa kaunti. Afisa wa Kaunti ya Kiambu apime umbali wa ukuta na ukuta kabla ya kugonga muhuri, kisha aende saiti akahakikishe fundi ameuacha.