Paipu Kuukuu Ndani ya Nyumba

Leo tutazungumza juu ya kitu kilichofichwa ndani ya ukuta wa jikoni na bafu, nasi hatukifikirii mpaka kianze kuvuja. Kitu hicho ni paipu ya maji.

Mama, huenda umewahi kujiuliza: "Mbona mtoto wangu anaendesha mara kwa mara, na hali sisi hutumia maji ya mfereji?" Ni swali zuri. Maji mengi ya Nairobi, kwa mfano, hutoka katika bwawa la Ndakaini. Kabla ya kuletwa mjini husafishwa na kutiwa klorini ili kuua viini. Lakini kutoka huko yana safari ndefu, na mwisho wa safari ni paipu za nyumba yako. Zikiwa mbovu, maji yaliyoondoka safi yatafika machafu.

Nyumba nyingi za zamani zina paipu za chuma kilichopakwa zinki. Miaka ikipita, zinki hiyo huliwa, na chuma hushika kutu kwa ndani. Kutu huziba njia, maji yakatoka kidogo kidogo. Hupunguza nguvu ya klorini na kuvipa viini mahali pa kujificha. Mwishowe hutoboa paipu.

Wengine husema, "Tundu hutoa maji nje, uchafu utaingiaje?" Ni kweli, maji yakiwa na nguvu. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba mitaa mingi hupata maji kwa zamu. Yakikatwa, paipu yaweza kufyonza kilicho nje yake. Ikiwa imepita kando ya mtaro wa maji taka, basi uchafu wa choo huingia ndani. Siku maji yakirudi, uchafu huo huja nayo mpaka kwenye kikombe cha mtoto.

Utajuaje hali ya paipu zako? Kesho asubuhi, kabla mtu yeyote hajafungua mfereji, kinga maji katika gilasi uyatazame penye mwanga. Je, yana rangi ya kutu? Yana vipande vipande? Yana harufu au ladha ya chuma? Tazama pia kama ukuta una unyevu. Ukiona dalili hizi, mwite fundi. Lakini kumbuka kwamba maji yanayong'aa pia yaweza kuwa na viini.

Kuna hatari nyingine, nayo ni madini ya risasi. Yaweza kutoka katika paipu kuukuu, katika viungo vilivyochomelewa, au katika mifereji duni ya shaba. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Kuchemsha maji huua viini, lakini hakuondoi risasi. Kwa hiyo asubuhi acha maji ya kwanza yatoke, uyakinge kwenye ndoo ya kupigia deki, kisha ndipo uchukue ya kunywa na kupikia.

Sasa, mkiamua kubadilisha paipu, zingatieni mambo haya:

Nunueni paipu zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, zenye alama ya ubora ya KEBS. Paipu za maji taka zisitumiwe kwa kazi hii hata kama ni za bei nafuu.

Mwambie fundi asipitishe paipu ndani ya mtaro wala karibu na shimo la choo.

Weka akiba ya maji safi, yenye kifuniko, kabla kazi haijaanza.

Kazi ikiisha, fungueni mifereji yote maji yatoke mpaka yawe safi kabisa. Fundi asafishe paipu mpya kwa klorini, kisha maji yamwagwe kabla ya mtu kunywa.

Ikiwa mnatumia shawa ya umeme, mwite pia fundi wa umeme. Katika nyumba nyingine za zamani, paipu ya chuma ndiyo inayopeleka ardhini umeme uliovuja. Ukiweka ya plastiki bila waya wa kazi hiyo, anayeoga anaweza kupigwa na umeme.

Labda unasema, "Mimi ni mpangaji, na pesa sina." Zungumza na wenzako katika ploti, mwende pamoja kwa mwenye nyumba mkiwa na ile gilasi ya maji mkononi. Wakati mnapongoja, chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kwa dakika moja, au yatie dawa ya klorini kwa kufuata maagizo ya chupa. Yaweke katika chombo chenye kifuniko. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji kabisa. Maziwa yako yanamtosha.

Mtoto akiendesha, mpe maji ya ORS, uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Katika zahanati atapewa zinki ya siku 10 hadi 14. Mpe mpaka ziishe, hata akipata nafuu. Lakini ukiona macho yameingia ndani, amelegea, hawezi kunywa, au choo kina damu, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali mara moja.

Mpendwa mama, paipu haionekani, lakini kila siku inamnywesha mtoto wako. Kesho asubuhi, kabla ya kupika chai, usisahau ile gilasi. Mpaka tutakapozungumza tena, nakutakia afya njema. Kwaheri.