Fataki za Magic Kingdom, Mbali na Msongamano

Giza likiingia Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney kule Florida, Marekani, watu husongamana katika mtaa wake wa Main Street kama abiria wa sikukuu kituo cha mabasi. Wote wanataka kuliona kasri la Cinderella, lenye urefu wa mita 58 hivi, likimulikwa huku fataki zikipasuka juu yake. Mtoto wa miaka minne, katikati ya umati ule, huona migongo tu.

Ipo njia nyingine. Ng'ambo ya ziwa la Seven Seas Lagoon kuna hoteli ya Polynesian Village, yenye ufuo wa mchanga unaotazama upande wa kasri. Pale mtoto hupakatwa, mama akanyoosha miguu, na fataki zikajirudia majini.

Kuna cha kukosa, nacho kisemwe wazi: picha zinazorushwa kwenye kuta za kasri huonekana vizuri kwa mbele, na kwa karibu. Sauti nayo huchelewa takribani sekunde 3 kwa kila kilomita. Lakini kwa mtoto anayeogopa vishindo, umbali huo ni neema kubwa.

Wanaobaki ndani ya bustani hujaribu eneo la Fantasyland, nyuma ya kasri. Kishindo huko ni kikali, hivyo vikinga masikio vya watoto viwe mkobani.

Onyesho likiisha, maelfu huelekea lango moja kwa pamoja. Familia yenye kigari cha mtoto hungoja kwanza, watoto wakamalizia vitafunio, ndipo ikaondoka.