Jicho Lililokwaruzwa: Kuziba Siyo Kushika

(Mazungumzo ya watumishi wa zahanati mbele ya wanakisomo)



Mahindi shambani yamekuwa marefu. Kila mwaka wakati kama huu tunawapokea watu waliochapwa na jani la hindi jichoni. Wengine hupona. Wengine hupoteza jicho. Kwa nini? Ndiyo habari tuliyowaletea leo.

Kioo cha jicho

Mtazame mwenzako kwa upande. Mbele ya ile sehemu nyeusi ya jicho utaona kitu kimevimba kidogo, kinang'aa kama kioo cha saa. Hicho ndicho kioo cha jicho. Waganga hukiita konea. Katikati, unene wake ni kama nusu milimita tu. Hakina mishipa ya damu, ndiyo maana mwanga unapita. Lakini kina mishipa ya fahamu mingi sana, ndiyo maana hata punje ya vumbi inakutoa machozi.

Juu ya kioo hicho kuna ngozi nyembamba mno. Ina safu 5 hadi 7 tu za chembe hai. Ngozi hii ndiyo mlango wa jicho. Ikiwa nzima, vijidudu vingi haviwezi kuingia. Ikichubuka, mlango uko wazi.

Ngozi hii inashikwaje?

Kila tukipepesa macho, kope inaifuta ngozi hii. Kwa siku moja ni maelfu ya mara. Mbona haibanduki?

Fikirini nyumba ya fito na udongo. Udongo haukai juu juu ya fito. Unapenya katikati, unashika. Na jicho ni hivyo hivyo. Chini ya ngozi kuna utando mwembamba. Chembe za safu ya chini zina vishikizo vidogo sana, havionekani kwa macho. Kutoka kwenye vishikizo hivyo, nyuzinyuzi hupita katika utando na kuzama ndani ya kioo. Basi kope ikivuta, ngozi haitoki.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Ngozi ikichubuka, chembe zilizo kando ya mchubuko huachia vishikizo vyake. Hujinyoosha, hutambaa pole pole, mpaka zikutane na zenzake katikati. Lazima ziachie kwanza, maana kilichofungwa hakitembei. Mchubuko mdogo huzibwa kwa siku moja, mbili au tatu. Maumivu yanakwisha, mtu anasema, "Nimepona."

Aa, bado! Umezibwa, lakini haujashika. Vishikizo vinajengwa upya, na kazi hiyo ni ya wiki nyingi. Kama na utando wenyewe ulichanika, huweza kuchukua miezi. Ni kama ukuta uliokandikwa jana. Ukiutazama umekamilika. Hebu uegemee!

Kosa letu wenyewe

Tuliwahi kumpokea mama mmoja. Mtoto wake mchanga alimkwaruza jichoni kwa ukucha. Tukampa dawa ya kupaka. Siku ya tatu tukamtia ile rangi ya kupimia, ambayo mahali palipochubuka hugeuka kijani. Hatukuona kijani. Tukamwambia, "Mama, umepona, acha dawa."

Baada ya wiki tatu akaamka alfajiri, jicho linauma kama limechomwa kisu. Alipofika kwetu ilikuwa saa saba mchana, na jicho lilikuwa limetulia. Tukamwambia hatuoni kitu. Likarudi tena, na tena, alfajiri ile ile. Nyumbani wakaanza kusema amerogwa, na jirani mmoja akanyooshewa kidole. Mama akatuuliza, "Daktari, hata ninyi hamniamini?" Tulikosa jibu.

Tukampeleka kwa mtaalamu wa macho. Yeye akatueleza. Usiku machozi hupungua, na kope hugandamana na ngozi ya kioo. Mtu akifumbua macho ghafla, kope inavuta. Ngozi iliyoshika vizuri haitoki. Ngozi ambayo haijashika inabanduka, na mchubuko unaanza upya. Kufika mchana chembe zimekwisha kutambaa na kuziba tena, ndiyo maana sisi hatukuona kitu.

Hapakuwa na uchawi. Kosa lilikuwa letu. Tuliona pamezibwa, tukadhani pameshika. Mama alipaka marhamu ya macho kila usiku kwa miezi, akajifunza kufumbua macho pole pole. Akapona. Yule jirani naye tulimwendea tukamweleza.

Saa za mwanzo ni mali

Lakini kabla ya kushika, kuna hatari kubwa zaidi: vijidudu kuingia wakati mlango uko wazi. Hapo huja kidonda, na kidonda huacha chamba cheupe. Kioo chenye chamba hakipitishi mwanga.

Wakulima wa Bhaktapur, nchini Nepali, wametufundisha jambo. Wahudumu wa afya wa vijijini walipewa kazi ya kuwatibu watu waliochubuka kioo cha jicho. Dawa ilikuwa marhamu ya kloramfenikoli, mara 3 kwa siku, kwa siku 3. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001. Watu 284 walianza dawa kabla ya saa 18 kupita, na hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Wengine 49 walichelewa, wakafika kati ya saa 24 na 48. Kati yao 14 walipata kidonda. Dawa ni ile ile. Kilichowatenga ni saa.

Tena, jani huweza kuingiza ukungu jichoni. Kidonda cha ukungu ni kigumu kutibu kuliko vingine vingi. Kwa hiyo tunawaomba msitie utomvu wa majani, mkojo wala maziwa. Tunajua mnafanya hivyo kwa kutaka kusaidiana, lakini mnapitisha vijidudu katika mlango ulio wazi.

Na dawa za duka je? Msitumie matone yoyote bila kupimwa. Dawa zenye steroidi hudhoofisha ulinzi wa jicho, na ukungu hustawi. Matone ya ganzi huondoa maumivu, lakini huzuia chembe kutambaa na kushika. Hayo ni ya kupimia tu, siyo ya kwenda nayo nyumbani.

Basi tukumbuke

1. Jicho likikwaruzwa, usilisugue. Njoo zahanati siku ile ile, usingoje kesho.

2. Ukiona doa jeupe, au macho hayaoni vizuri, au maumivu yanazidi, nenda hospitali upesi.

3. Maliza dawa uliyopewa, hata kama maumivu yamekwisha.

4. Maumivu yakirudi alfajiri baada ya wiki au miezi, mwambie mganga kwamba jicho lilikwaruzwa zamani. Usimtafute mchawi.

5. Akina mama, tuwakate watoto kucha.

Na sisi wa zahanati tuna letu la kukumbuka: mgonjwa akisema linauma na sisi hatuoni kitu, tumwulize zaidi kabla ya kumrudisha nyumbani.

Sasa ni zamu yenu kuuliza.